Masika ya Ndege Moja Nzima

Jumanne, 1 Novemba 1983
Vumbi tupu. Bibi amekwenda Geita na mashine ya kusagia mawe, amerudi mtupu. Nimehamisha kadi nne.

Jumatano, 2 Novemba
Kazini naandika maisha ya vyuma. Kila kifaa cha ndege kina kadi yake: kimefanya kazi saa ngapi, kimetolewa wapi, kimefungwa wapi, na mkono wa nani umekifunga. Kifaa kikihama, kadi inahama nacho. Nikikosea, chuma kilichochoka kitapanda angani kikidhaniwa kipya. Nimekuwa karani wa kumbukumbu hapa kiwanjani Ibadakuli, Shinyanga, tangu nilipotoka jeshini mwaka jana. Nangoja miaka yangu miwili ya kazi itimie ili niombe Chuo Kikuu. Naifanya kazi hii vizuri. Nasema hivyo humu kwa sababu humu hakuna wa kuniambia, "Zuleha, unajisifu."

Ndege zetu tatu za mizigo zina afya ya ndege moja na nusu. Wapakiaji ndio waliozipa majina kwa sura zake, kama wanavyowaita ng'ombe wao. Bibi ndiye mkongwe kuliko wote. Kiwete huinamia gurudumu la kushoto. Mabaka amepakwa rangi za aina nne kwa kuwa haikuwahi kupatikana rangi moja ya kumtosha. Wote wamenizidi umri. Vipuri kutoka nje havijaja mwaka wa tatu huu, fedha za kigeni hakuna, basi ndege zinaazimana vifaa. Bibi akienda Geita huvaa pampu ya mafuta ya Mabaka. Mabaka akienda Bukoba huvaa jenereta ya Kiwete. Baba ndiye anayevua na kuvisha. Ni fundi wa injini hapa tangu mimi sijaota meno.

Jumatatu, 7 Novemba
Mawingu upande wa Geita. Hayakufika kwetu.

Alhamisi, 10 Novemba
Barua imefika kutoka makao makuu. Mzee Stanslaus, fundi mkuu, aliisoma mbele ya karakana, nasi wote thelathini na mmoja tumesimama juani. Aliisoma taratibu kama mtu anayetafuna kitu asichokipenda. Ndege za mizigo za umri huu zinastaafishwa nchi nzima. Mkaguzi atapita kila kituo kuanzia Januari. Ndege isiyofikia kiwango itaondolewa kazini siku hiyo hiyo. Kituo kisichokuwa na ndege nzima kitafungwa.

Kisha Makoye, mnyapara wa wapakiaji, akauliza, "Mzee, na ndege nazo zina kiinua mgongo?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, najilaumu.

"Zenyewe zitapumzika, Makoye," alisema Mzee Stanslaus akikunja karatasi. "Wewe utaambiwa uondoke."

Nyumbani Baba alikula ugali bila kuinua macho. Mama alimwangalia, akaniangalia mimi, akajua. Nyumba tunayokaa ni ya shirika. Baba ana miaka hamsini na tatu, na wadogo zangu watatu wako shule.

"Mwaisha," Baba alimwambia Mama baada ya kunawa, "watu wengine wameanza kustaafisha vyuma."

"Na mafundi je?"

"Mafundi hawajatajwa."

Jumamosi, 12 Novemba
Mvua ya kwanza. Nusu ya wapakiaji wameomba ruhusa kwenda Didia kupanda pamba. Makoye amebaki. Anasema mke wake anajua kushika jembe kuliko yeye.

Jumatatu, 14 Novemba
Leo nimefanya jambo. Nilizitandaza kadi zote mezani, za ndege zote tatu, kisha sakafuni zilipojaa. Nikachagua kila kifaa chenye saa chache zaidi. Injini ya kulia ya Bibi. Injini ya kushoto ya Kiwete. Mwili na miguu ya Mabaka, pampu za Bibi, pangaboi za Kiwete zote mbili. Nilipofika mwisho nilikuta nimepiga magoti mbele ya ndege moja nzima. Ilikuwapo wakati wote, imetawanyika katika miili mitatu, na hakuna aliyeiona isipokuwa mimi.

Nilimpelekea Mzee Stanslaus orodha. Aliisoma yote. Aliuliza maswali mawili, yote ya maana.

"Umepanga vizuri sana," alisema. "Sasa rudisha kadi sandukuni."

"Kwa nini, mzee?"

"Ndege tatu zinazochechemea zinahitaji watu thelathini, mwanangu. Moja nzima inahitaji watano."

"Lakini barua inasema kituo kisichokuwa na ndege nzima kitafungwa."

"Inasema. Je, imesema chenye ndege nzima kitabaki?"

Nilimwambia kwamba hilo liko wazi. Akacheka kidogo puani. "Nyumbani kwetu tunafuga. Mnunuzi akimkuta ng'ombe mmoja aliyenona, hakai na wewe zizini kunywa maziwa. Anamfunga kamba anaondoka naye. Waliokonda ndio anaokuachia."

Nimerudi hapa chumbani na hasira. Mzee Stanslaus ana nyumba yake Kahama na majaruba ya mpunga. Ni rahisi kwa mtu mwenye mpunga Kahama kukaa akingoja. Woga wake ameuvalisha nguo za busara. Nimeuona.

Jumatano, 16 Novemba
Nimemweleza Baba. Alisikiliza huku anasugua kucha kwa mchanga na majivu, maana sabuni hakuna mjini. Mwishoni akasema, "Injini ya kushoto ya Kiwete ni tamu kweli." Hilo tu. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika.

Ijumaa, 18 Novemba
Nimempita Mzee Stanslaus, nimekwenda kwa Kapteni Athanas, rubani na mkuu wa kituo. Najua nimevunja adabu. Kapteni aliisoma orodha akiwa amesimama, kisha akakaa.

Jumatatu, 21 Novemba
Mkutano. Kapteni aliniita niseme mwenyewe. Nilidhani nitashindwa, lakini maneno yalikuja yakiwa yamejipanga. Niliwaambia kwamba kuazimana kumetufanya tuwe na wagonjwa watatu, na mkaguzi atawaangusha wote watatu kwa siku moja. Tukikusanya nguvu zote mahali pamoja tutakuwa na mzima mmoja, na kituo chenye mzima hakifungwi.

"Na Bibi?" aliuliza Zipora, mpishi wetu. "Na Kiwete? Mtawachuna?"

"Mpaka mfupa," alisema Baba.

Mzee Stanslaus alirudia yale yale ya watu watano. Mtu nyuma akamjibu, "Mzee, wewe ushavuna wako!" Watu wakacheka. Alikaa chini. Walipoombwa kunyoosha mikono, niliona mikono imeota kama mtama. Makoye alininyooshea yote miwili.

"Ng'wana Akida amesoma," alisema, akiniita kwa Kisukuma binti wa Baba. "Sisi tutabeba."

Sikulala mapema. Nilikuwa na furaha ya aina inayouma.

Ijumaa, 2 Desemba
Mvua siku ya tatu mfululizo. Injini ya kulia ya Bibi imeshuka leo. Winchi imekufa tangu mwaka juzi, kwa hiyo wapakiaji waliibeba kwa magogo na kamba, watu kumi na wanane, wakiimba wimbo wao wa kulimia. Makoye anatoa, wengine wanaitikia, na katika kila kiitikio injini inasogea hatua moja. Hakuna aliyelipwa muda wa ziada. Hakuna aliyeuliza.

Jumatatu, 5 Desemba
Barabara ya Geita imekatika. Mfanyabiashara wa Nyarugusu amekuja kuuliza kama tutampelekea pampu za maji. Tumemwambia ndege haziruki mpaka mwakani. Amesema, "Basi nitatafuta njia nyingine," akaondoka na miguu yake yenye tope.

Alhamisi, 8 Desemba
Mvua.

Ijumaa, 16 Desemba
Usiku wa Maulidi. Msikitini walikuwa wakimngoja Baba, yeye huitikia kasida kwenye safu ya mbele kila mwaka. Alikuwa ndani ya injini. Mama alimletea halua ya unga wa ngano kwenye kibakuli, akamlisha kwa mkono wake mbele ya watu kwa kuwa mikono ya Baba ilikuwa na grisi. Vijana walipiga vigelegele. "Mzee Akida kaozeshwa tena!" Mama alijifunika uso kwa khanga akicheka. Sijawahi kuwaona wazazi wangu hivyo.

Jumanne, 20 Desemba
Jambo moja linanisumbua, naliandika hapa. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuunganisha nyaya za usukani wa mkia, mahali ambapo mtu hulala chali saa nzima ndani ya giza. Wenye umri mdogo walikwepa. Mzee Stanslaus ndiye aliyeingia. Alitoka mgongo umemkaza, ikabidi Makoye amnyooshe kama nguo. Kwa nini anaifanyia kazi hivi ndege asiyoitaka?

Huenda ameona ukweli. Nataka iwe hivyo.

Jumapili, 25 Desemba
Wakristo wamesali, wamerudi saa nane mchana kufunga pangaboi. Zipora ameleta wali kwa wote.

Jumamosi, 7 Januari 1984
Mabaka amewashwa. Injini zote mbili. Sauti moja, nene, isiyokatika. Baba alisimama mbele yake mikono nyuma kama mtu aliyeko swalani. Nilitazama upande wa pili, kwa Bibi na Kiwete. Nimezoea kuwaona wakiwa na kasoro, lakini sasa ni mbavu na matundu. Mbuzi wa mtu amelala ndani ya Kiwete.

Alhamisi, 19 Januari
Mkaguzi amekuja. Ni mtu mfupi, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alikaa siku nzima. Aligonga, akapima, akapanda na Kapteni Athanas wakazunguka juu ya Mwadui na kurudi. Kisha akaingia ofisini kwangu akaomba kadi. Alizisoma kwa saa mbili. Nilisimama pembeni nikihesabu kadi alizogeuza.

"Nani kaandika hizi?"

"Mimi, mzee."

"Nimepita vituo vinane," alisema. "Sijaona kitu kama hiki. Naweza kukifuata kila kifaa mpaka siku kilipozaliwa."

Ndege imepita. Imepita bila dosari hata moja. Makoye alinibeba begani akanizungusha karakana nzima, mimi napiga kelele anishushe, Baba akijifanya haoni. Nyumbani Mama amepika pilau ya nyama ya mbuzi na watu wamejaa hadi barazani. Mzee Stanslaus alikuja naye. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," na akaitika, "Marahaba, mwanangu, hongera." Nilimsikiliza kama kuna kejeli ndani yake. Haikuwapo. Hilo lilinikera zaidi.

Jumatano, 1 Februari
Hakuna barua.

Alhamisi, 9 Februari
Jua kali, mvua imekata. Pamba ya Didia imenyauka ncha. Makoye amechuchumaa mlangoni pangu. "Karani, hao watu wa Dar hawana stempu?"

Jumanne, 14 Februari
Hakuna barua. Mabaka ameruka mara mbili tu mwezi huu. Mizigo ya Nyarugusu imezoea malori.

Jumatatu, 20 Februari
Imefika. Nitaiandika ilivyo, bila kuipamba.

Kapteni Athanas aliisoma mwenyewe safari hii. Makao makuu yanakipongeza kituo cha Shinyanga kwa kutoa ndege bora kuliko zote zilizokaguliwa. Kwa sababu ya ubora huo ndege hiyo inahamishiwa Dar es Salaam. Kwa kuwa kituo cha Shinyanga sasa hakitakuwa na ndege, kitafungwa. Ndege mbili zilizobaki ziuzwe kama vyuma chakavu. Watumishi wote watakoma kazi tarehe 29 Februari, isipokuwa rubani, na karani wa kumbukumbu, ambaye ataambatana na ndege pamoja na kadi zake.

Kapteni alipofika hapo alisita, akalisoma jina langu lote. Zuleha Akida Maulidi.

Sikujua niweke wapi macho. Nilisikia kunguru juu ya bati. Zipora alianza kulia bila sauti, akifuta uso kwa aproni. Mtu alisema, "Soma tena," na Kapteni akasoma tena, kana kwamba mara ya pili ingekuwa barua nyingine.

Kisha wakageuka kunitazama. Si wote kwa pamoja, mmoja mmoja. Nimewahi kusoma mbele ya watu mia tano shuleni. Sijawahi kutazamwa hivyo.

Makoye ndiye aliyesema. Hakupaza sauti.

"Ng'wana Akida. Sisi tumebeba injini mabegani. Wewe ulibeba kalamu. Angalia sasa. Sisi tumechunwa pamoja na Bibi na Kiwete, wewe umepewa kiti."

"Makoye," alisema Baba.

"Sijamtukana, Akida. Nimesema uongo?"

Nilingoja Baba ajibu. Angesema tu, Mwanangu hakujua. Alivua ovaroli pale pale, akaikunja vizuri, mikono ndani, akaenda nayo stoo kuirudisha, ingawa bado zilikuwa zimebaki siku tisa.

Ninaandika haya na mkono wangu ni mtulivu, na utulivu huo unanitisha. Najiuliza kosa langu lilikuwa wapi. Hesabu za kadi zilikuwa sahihi. Mkaguzi hakudanganywa. Hakuna aliyeiba. Nimetafuta mwizi tangu mchana, sijampata. Tulipokuwa na wagonjwa watatu hakuna aliyetutamani. Mimi ndiye niliyetengeneza kitu kinachostahili kuchukuliwa, nikakiandikia na maelezo mazuri ili mchukuaji asisumbuke.

Na Mzee Stanslaus alinieleza. Alinieleza kwa Kiswahili chepesi, tarehe kumi na nne Novemba, na mimi nikaandika humu kwamba ana woga na mpunga.

Jumanne, 21 Februari
Mama ameniambia huku anachambua mchele, bila kuniangalia, "Utakwenda."

"Sitaki, Mama."

"Sikuuliza unataka nini. Mwisho wa Machi tunatoka nyumba hii. Tutapanga chumba Majengo kwa shangazi yako. Mshahara ulio ndani ya nyumba hii sasa ni wako peke yako. Ukibaki hapa kulia na wenzako, wadogo zako watakula machozi yako?"

"Baba anasemaje?"

"Baba yako hasemi."

Ijumaa, 24 Februari
Nimekwenda kwa Mzee Stanslaus. Alikuwa karakana peke yake akipaka spana mafuta, moja moja, akizilaza kwenye kitambaa. Spana za shirika, atakazoziacha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi tangu asubuhi. Yalinitoka yote kichwani. Nikasema, "Ulijua."

"Sikujua. Niliogopa. Usiniongezee akili."

"Nilikupita. Nilikwenda kwa Kapteni."

"Nakumbuka."

"Kwa nini basi ulifanya kazi kama wengine? Uliingia mkiani ukalala chali…"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Ningefunga nyaya vibaya? Halafu Athanas angerushia nini?"

Nililia hapo. Hakunibembeleza. Alinipa kitambaa chenye mafuta, nikajifuta, akasema sasa una masharubu. Tulicheka kidogo, vibaya vibaya. Kisha akasema jambo ambalo sitaki kulisahau. "Uliwaona watu thelathini mle kwenye kadi, mwanangu? Hawamo. Umeandika mikono yao tu. Usipige sana kifua, wala usijilaumu sana. Karatasi ndivyo zilivyo."

Nikamuuliza niwafanyie nini. Akafikiri. "Watu wanaulizwa vyeti vya kazi na mgambo kule stendi siku hizi. Asiye na kazi anapakiwa lori apelekwe kulima. Makoye hana karatasi yoyote. Ana mabega tu."

Jumatatu, 27 Februari
Leo nimepiga taipu vyeti vya utumishi ishirini na kimoja, vilivyobaki ni vya kesho. Si vile vya mistari miwili. Nimeandika kila mtu alifanya nini hasa. *Makoye aliongoza watu kumi na wanane kushusha na kupandisha injini mbili bila winchi, pasipo mtu kuumia.* *Zipora amelisha watumishi thelathini kwa miaka tisa na hakuna aliyewahi kuugua tumbo.* Mzee Stanslaus anatia sahihi. Kapteni anagonga muhuri.

Jumanne, 28 Februari
Vyeti vimekwisha, isipokuwa kimoja. Nilimpelekea Baba karatasi tupu nikamwomba anisimulie kazi zake zote nizipange.

"Acha," alisema.

"Watakuuliza, Baba."

"Waniulize. Sitasomewa nilivyo na mtoto wangu."

Haya ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyoniambia tangu tarehe ishirini.

Jumatano, 29 Februari
Wamekabidhi. Makoye alichukua cheti chake, akanitaka nimsomee. Nikamsomea. Akanitaka nirudie pale penye watu kumi na wanane. Akakikunja, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko akautia ndani ya kofia, kofia akaivaa. Hakuniaga, lakini alipofika mlangoni aliinama kidogo ili kofia isigonge.

Jumamosi, 10 Machi
Mvua imerudi, kubwa. Wanunuzi wa vyuma wamemkata Bibi mabawa.

Alhamisi, 15 Machi
Mzee Stanslaus amepanda basi kwenda Kahama. Mafundi wawili wa Dar wamefika kumchukua Mabaka. Ni vijana, nadhifu, na hawajui kwamba anaitwa Mabaka.

Jumamosi, 17 Machi
Niko ndani ya ndege, tuko juu, nayaandika haya gotini.

Asubuhi walikuja wote waliobaki mjini. Hakuna aliyewaita. Walisimama nyuma ya kamba ambako zamani tuliwazuia wachungaji wasiingie na mifugo. Mama alibaki nyumbani, aliniaga huko. Baba alikuja akiwa na shati lake jeupe la kuendea harusini. Nilidhani amekuja kuniaga. Labda ndivyo.

Kapteni aliwasha. Injini ya kulia ikashika. Ya kushoto ikashika, ikakohoa, ikakohoa tena, ikazimika. Mara ya pili vivyo hivyo. Mafundi wa Dar walipanda ngazi, wakafungua, wakafunga. Mara ya tatu ikakohoa kama mtu mwenye kifua. Nilikuwa mlangoni na sanduku langu la kadi, nikawaona watu wa kamba wametulia, wote wanamtazama Baba.

Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja kwa injini. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

Makoye alimshika mkono wa shati. Pangaboi zilikuwa zimesimama, nilisikia kila neno.

"Akida. Umeshajua ni nini, sivyo?"

"Nimejua."

"Basi nyamaza, ndugu yangu. Huna kazi hapa. Ikilala, ilale. Wiki mbili haiondoki, mwezi haiondoki, watatuita turudi kuihudumia. Utashika spana tena. Wewe nyamaza tu, hutakiwi kufanya kitu kingine."

Watu waliitikia chini chini. Zipora alisema, "Mzee Akida, tafadhali."

Baba alinyanyua macho akaniona. Tulikuwa mbali, kama hatua arobaini. Nataka liandikwe hili: sikumwita. Sikumpungia mkono. Nilitamani anyamaze. Nilitamani chuma kile kife pale pale kwenye tope la Ibadakuli, na mimi nishuke na sanduku langu, na kosa langu liwe limefutika.

Baba alimtoa Makoye mkono polepole, kama unavyotoa mkono wa mtoto aliyelala. Akainua kamba, akapita chini yake.

Fundi mmoja wa Dar alitaka kumzuia. Kapteni akasema dirishani, "Mwache." Baba alipanda ngazi. Hakuomba spana, alinyoosha tu kiganja, na yule kijana akajikuta amempa. Ilikuwa waya wa plagi ya silinda ya tano. Maji ya mvua yalikuwa yameingia kwenye kifuko chake. Aliukausha kwa pindo la shati jeupe, akaukata ncha iliyooza, akaufunga upya. Haikufika dakika kumi na tano. Kapteni akawasha. Sauti moja, nene, isiyokatika.

Hakuna aliyeshangilia.

Kijana wa Dar alichukua kadi na kalamu. Ni mwangalifu, lazima niseme hivyo. "Mzee, jina lako nani? Lazima niandike aliyefunga."

"Andika lako," alisema Baba.

"Lakini si mimi niliyefunga."

"Mimi sipo hapa, mwanangu. Kazi yangu ilikwisha tarehe ishirini na tisa. Andika lako."

Alijifuta mikono kwenye shati, akarudi akapita chini ya kamba, akasimama mahali pake kati ya Makoye na Zipora. Makoye alisogea akampa nafasi. Mlango ukafungwa.

Kadi ile iko mbele yangu sasa. Ina jina la kijana wa Dar, mwandiko mzuri, tarehe ya leo. Ni kadi ya kwanza ya uongo kuingia sandukuni mwangu. Nimeifungua kalamu mara mbili kuirekebisha. Nimeiacha. Ndiyo kitu pekee alichoniomba tangu barua ile, ingawa hakuniomba mimi.

Jioni, Dar es Salaam
Tumetua saa nane. Kwa saa tatu nzima injini ya kushoto haikukohoa hata mara moja. Nilikaa upande wake njia yote, nikiisikiliza, nikitaka ikohoe.